Mfumo Unaolala Kila Alasiri: Kumtafuta Anayeshikilia Memori

Msimu wa alizeti, saa tisa alasiri, simu inaita. Ni mama mhasibu wa chama cha ushirika ambacho mfumo wake wa kupokea mazao niliurithi ukiwa tayari mtu mzima. "Mwanangu, umeanza tena." Hana haja ya kumalizia. Naingia kwenye seva, nawasha programu upya, na baada ya dakika moja na nusu makarani wa mizani wanaendelea kuandika magunia. Kesho yake hivyo hivyo, ila siku hiyo ni saa nane, kwa sababu malori yamewahi.

Mtangulizi wangu alikuwa ameacha mstari kwenye crontab, ratiba ya amri zinazojiendesha kwa saa kwenye Linux, wa kuwasha programu upya kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mimi nikaongeza wa pili, saa saba mchana, watu wakiwa chakula. Naona haya kuuandika hapa, lakini sidhani kama seva yetu ni ya peke yake mjini Dodoma yenye mstari kama huo. Na kabla ya hapo tulishanunua RAM, tukatoka GB 4 hadi GB 8. Faida tuliyopata ni kwamba mfumo uliokuwa unalala saa tano asubuhi ukaanza kulala saa tisa.

Programu yenyewe ni Java 17 juu ya Spring Boot (kiunzi cha kujengea programu), na Hibernate 5 (maktaba inayogeuza mistari ya hifadhidata kuwa vitu vya Java), na PostgreSQL (hifadhidata yenyewe). Katikati kuna maktaba ndogo ya kufikia data tuliyoiandika wenyewe, inayotumiwa na mifumo mitatu. Ugonjwa ulikuwa humo. Nitakwenda kwa dalili kama nilivyozikuta, na pale ambapo dalili moja ina visababishi viwili nitasema namna ya kuvitenganisha.

Neno "kuvuja" linatupoteza

Mtaani kwetu Nkuhungu maji huja kwa mgao, kwa hiyo nyumba nyingi zina simtank na safu ya madumu ukutani. Simtank likivuja utaona tope chini yake. Memori ya Java haivuji hivyo, hakuna tone linalotoka. Kinachotokea ni kama jirani anayeazima dumu leo, kesho akaazima jingine, keshokutwa jingine, na yote yamepangwa uani kwake yakiwa na maji ya wiki iliyopita ambayo hakuna atakayeyanywa. Ukikagua simtank lako, liko zima. Madumu ndiyo yamekwisha.

Java ina mzoa taka wake, naye ana sheria moja tu: kitu ambacho bado kinafikika kutoka kwenye programu iliyo hai hakiguswi. Hajui kama unakihitaji au umekisahau. Akikuta orodha au ramani (jozi za ufunguo na thamani) au kache (hifadhi ya vitu vya kutumia tena) imekishika, anapita zake. Kwa hiyo swali la kuuliza si "memori inatokea wapi?" bali "nani amekishika hiki, na kwa nini hajakiachia?" Nilipoteza wiki nzima kwa kuuliza la kwanza.

Je, kweli ni memori?

"Mfumo umelala" ni malalamiko yenye wazazi wengi. Soma logi kabla hujagusa kitu.

Ukikuta `java.lang.OutOfMemoryError: Java heap space`, uko mahali pako, endelea. Ukikuta `Connection is not available, request timed out after 30000ms`, hiyo ni miunganisho ya hifadhidata iliyoisha na si memori, nitaifikia mbele. Ukikuta `OutOfMemoryError: Metaspace`, yaani sehemu inayotunza maelezo ya klasi imejaa, mara nyingi kuna mtu anapandisha matoleo mapya kwenye Tomcat (seva inayoendesha programu za wavuti za Java) bila kuizima, na toleo la zamani limeshikwa na kitu, pengine dereva wa JDBC (kiungo cha Java na hifadhidata) ambaye hakuondolewa kwenye orodha au uzi wa kazi (thread) uliosahaulika. Zima Tomcat, iwashe, na uache kupandisha kwa namna hiyo.

Ukikuta logi imekatika ghafla bila kosa lolote, andika hivi:

```
dmesg -T | grep -i killed
```

Memori ya mashine nzima ikiisha, Linux huchagua mchakato wa kuua, na anayechaguliwa kwa kawaida ni yule mnene, yaani Java. Hapo huenda umeipa `-Xmx` (kikomo cha hipu) kubwa kuliko mashine inavyomudu, ukisahau kwamba hipu (heap, sehemu ambamo Java huweka vitu vyake) siyo memori yote ya Java: kuna nyuzi za kazi, kuna metaspace, kuna bafa zinazokaa nje ya hipu. Kwenye seva ya GB 8 ambayo PostgreSQL nayo inaishi humo humo, `-Xmx6g` ni kujitakia. Na kama hujaandika `-Xmx` kabisa, Java huchukua robo ya RAM kuwa kikomo cha hipu. Ndiyo maana RAM yetu ilipotoka 4 kwenda 8, hipu ilitoka GB 1 kwenda GB 2 bila mtu kugusa mpangilio wowote, na sisi tukadhani tumetibu.

Angalia sakafu, usiangalie meno

Grafu ya hipu yenye afya ina meno kama ya msumeno: inapanda, mzoa taka anapita, inashuka, inapanda tena. Kilele cha jino hakikuambii kitu. Unachotaka ni sakafu, yaani kile kinachobaki mara tu baada ya uzoaji kamili.

Wengi hutumia `jstat -gcutil` na kutazama safu ya O. Tahadhari na hiyo. Kwa G1, ambaye ndiye mzoa taka wa kawaida tangu Java 9, asilimia ile hupigwa juu ya ukubwa ambao wenyewe hubadilika, kwa hiyo 90 ya saa tatu na 90 ya saa saba si lazima ziwe kitu kimoja. Mimi nachukua baiti zenyewe:

```
jcmd <pid> GC.class_histogram | tail -1
```

Amri hii hulazimisha uzoaji kamili kwanza, kisha huhesabu vilivyobaki hai kwa kila klasi (orodha hiyo ndiyo histogramu), na mstari wa mwisho ni jumla. Pid ni namba ya mchakato wa programu. Iendeshe kwa jina la mtumiaji yule yule anayeendesha programu. Inaisimamisha programu kidogo, kwetu chini ya sekunde mbili, kwa hiyo usiipige kila dakika foleni ikiwa mizani.

Niliuzima ule mstari wangu wa saa saba mchana ili nipime bila kujidanganya. Saa mbili asubuhi sakafu ilikuwa MB 310. Saa tano MB 940. Saa saba na nusu, MB 1,600. Halafu ikaja Jumapili, maghala yamefungwa lakini programu inawaka: MB 310 asubuhi, MB 310 jioni. Kipimo hicho cha Jumapili kilinisaidia kuliko vingine vyote. Sakafu ingepanda hata watu wakiwa kanisani, ningeanza kutafuta kazi zinazojiendesha zenyewe kwa saa. Ilipokaa palepale nikajua kila mzigo unaopimwa unaacha kitu nyuma yake.

Kama yako hupaa wakati wa ripoti kubwa na kurudi chini ripoti ikiisha, huo si uvujaji. Dereva wa PostgreSQL, usipomwambia vingine, hupakia mistari yote ya jibu kwenye memori kabla hajakupa wa kwanza, na wa MySQL ni hivyo hivyo. Kwa PostgreSQL weka `setFetchSize(500)` na uzime autocommit (kuhitimisha kila amri papo hapo), maana ikiwa imewashwa mpangilio huo unapuuzwa kimya kimya. Kwa MySQL ongeza `useCursorFetch=true` kwenye anwani ya muunganisho pamoja na `setFetchSize`. Basi, nenda kalale.

Sakafu inapanda kwa kila mzigo

Sasa chukua orodha nzima ya histogramu, si mkia tu, mara mbili: asubuhi na mchana. Zilinganishe. Juu kabisa utakuta `byte[]`, `java.lang.String` na `HashMap$Node`. Hao huwa juu hata kwenye programu yenye afya, na kuwalaumu ni sawa na kulaumu vumbi kwa kuwepo Dodoma mwezi wa tisa. Shuka chini hadi ukutane na klasi iliyoandikwa na watu wa kwenu. Yetu ilikuwa `MpangoWaSafu`, inayotunza maelezo ya safu za jibu la swali: asubuhi vitu 4,112, mchana 61,900. Hifadhidata nzima ina majedwali 83. Mipango elfu sitini na moja kwa majedwali 83 haina maelezo ya heshima.

Histogramu inakuambia nani ameongezeka, haikuambii nani kamshika. Kwa hilo unahitaji picha ya hipu:

```
jcmd <pid> GC.heap_dump /data/picha/mapokezi.hprof
```

Andika njia kamili, na hakikisha diski ina nafasi inayolingana na hipu yako. Programu itasimama hadi faili liandikwe. Kwa anayesubiri ianguke yenyewe, weka `-XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError` na `-XX:HeapDumpPath` mapema. Ni bima isiyo na ada.

Nisimame hapa kidogo. Faili hilo lina kila kitu kilichokuwa kwenye memori wakati ule: majina ya wakulima, namba za simu, namba za akaunti, hata neno la siri la hifadhidata likiwa wazi kabisa. Nimeona watu wakirushiana faili la namna hiyo kwenye WhatsApp ili mwenzao asaidie kulisoma. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, huo si uzembe tu, ni kujitafutia kesi. Lifungulie kwenye mashine ya kazini, kisha ulifute.

Nililifungua kwa Eclipse MAT, programu ya kuchambua picha za hipu. Programu hiyo inaonyesha ukubwa wa namna mbili, na hapo ndipo wageni hupotea. Upo ukubwa wa kitu chenyewe, ambao huwa baiti chache, na upo ukubwa wa vyote ambavyo vingezolewa kama kitu hicho kingeachiwa. Panga kwa huu wa pili. Kisha bonyeza kitu unachokishuku na uombe njia ya kwenda kwenye mzizi (mahali mzoa taka anapoanzia kufuatilia vilivyo hai), ukiacha rejea dhaifu na laini (weak na soft), kwa sababu hizo hazimzuii mzoa taka. Njia yangu ilikuwa fupi ya kufedhehesha: `MpangoWaSafu` kashikwa na `ConcurrentHashMap`, ramani imeshikwa na uga wa static (wa klasi nzima, unaodumu muda wote programu ikiwaka) ulioitwa `KACHE`. Msimbo wenyewe huu hapa:

```java
private static final Map<String, MpangoWaSafu> KACHE =
        new ConcurrentHashMap<>();

MpangoWaSafu mpangoWa(String sql, ResultSetMetaData meta) {
    return KACHE.computeIfAbsent(sql, s -> new MpangoWaSafu(meta));
}
```

Ukiutazama hivi hivi hauna kosa. Aliyeuandika aliwaza vizuri: kusoma maelezo ya safu kila mara ni kazi, basi tuyahifadhi, na ufunguo uwe swali lenyewe la SQL. Kosa liko kwa waitaji, mafaili manane mbali:

```java
String sql = "SELECT * FROM mapokezi WHERE namba_stakabadhi = '"
        + namba + "'";
```

Kila stakabadhi ina namba yake, kwa hiyo kila swali ni maandishi mapya, na kila maandishi mapya ni ufunguo mpya kwenye ramani isiyo na mlango wa kutokea. Mzigo mmoja ukipimwa huibua maswali kama kumi hivi: mkulima, gari, ghala, stakabadhi, bei. Zidisha kwa vituo kumi na moja vya mapokezi.

Kulikuwa na la pili lililojificha ndani ya hilo. `MpangoWaSafu` haukunakili majina ya safu. Uliihifadhi `meta` yenyewe. Nayo `meta` ya dereva wa PostgreSQL inashikilia muunganisho iliotoka. HikariCP, maktaba inayotunza kundi la miunganisho ya hifadhidata, hustaafisha kila muunganisho baada ya dakika 30 isipoambiwa vingine, lakini mingi ya wastaafu wetu haikuwa inazikwa. Ilibaki ndani ya ramani.

Tiba yake ina hatua tatu na mpangilio wake una maana. Kwanza parameta:

```java
String sql = "SELECT * FROM mapokezi WHERE namba_stakabadhi = ?";
```

Sasa maandishi ni yale yale kwa stakabadhi zote na ufunguo ni mmoja. Hii peke yake iliondoa karibu uvujaji wote, na ikaziba tundu la usalama ambalo kila mtu anapaswa kulijua, la mtumiaji kuchomeka SQL yake kwenye kisanduku cha namba. Pili, `MpangoWaSafu` unakili majina na aina za safu kwenye orodha yake na kuiachia `meta`. Tatu, kache ipewe kikomo, kwa maktaba ya Caffeine:

```java
private static final Cache<String, MpangoWaSafu> KACHE =
        Caffeine.newBuilder().maximumSize(500).build();
```

Wapo wanaoanza na hatua ya tatu na kuishia hapo. Sakafu itatulia, ni kweli, lakini kache ya maswali yasiyojirudia ni kache ambayo haipatii hata siku moja: inaandika, inafuta, inaandika. Na wapo wanaokimbilia `WeakHashMap`. Hiyo huachia ingizo pale tu ambapo hakuna mwingine anayeushika ufunguo, na kama thamani uliyoweka inaushika ufunguo wake mwenyewe, haitaachia kamwe.

Kosa hili si la kwetu pekee. Dapper, maktaba ya .NET inayotumiwa sana, nayo huhifadhi maelezo ya kila swali inaloendesha, na maelekezo yake yanaonya wazi kwamba ukiunda SQL papo kwa papo bila parameta unaweza kupata tatizo la memori.

Kazi inayoanza mbio kisha inatambaa

Dalili hii ni tofauti na ni rahisi kuitambua ukishaiona mara moja. Mwisho wa mwezi karani anapakia faili la wanachama la mistari elfu arobaini. Elfu moja ya kwanza inaingia kufumba na kufumbua. Elfu ya kumi inachukua muda. Elfu ya ishirini unakwenda kunywa chai, unarudi, bado. Kisha `OutOfMemoryError`, na kwa kuwa yote ni muamala mmoja, hakuna hata mstari uliobaki.

Hapa mshikaji ni sesheni ya Hibernate, yaani kipindi chake cha kuzungumza na hifadhidata. Kila entiti (kitu cha Java kinachowakilisha mstari wa jedwali) inayopita ndani yake inashikwa hadi sesheni ifungwe au isafishwe. Zaidi ya hapo, kwa kila entiti iliyosomwa au kuhifadhiwa, Hibernate huweka nakala ya thamani zake za awali ili baadaye ijue kilichobadilika. Kila inapomimina mabadiliko hifadhidatani, hukagua entiti zote ilizozishika, moja moja. Ndiyo sababu kazi hupungua mwendo kabla memori haijaisha: ukaguzi unakua pamoja na mzigo. Ukiona prosesa inafanya kazi kupita kiasi huku hifadhidata imetulia, shuku hili.

```java
for (int i = 0; i < mistari.size(); i++) {
    em.persist(kuwaMwanachama(mistari.get(i)));
    if ((i + 1) % 50 == 0) {
        em.flush();
        em.clear();
    }
}
```

Mimina kwanza, safisha baadaye. Ukigeuza mpangilio, ambavyo havijamiminwa vitapotea bila kosa lolote kutokea, na utakuja kujua siku mwanachama atakapokuja kudai. Weka na `hibernate.jdbc.batch_size=50` ili vikundi viende pamoja, ukijua kwamba kitambulisho cha aina ya IDENTITY huizuia Hibernate kukusanya maingizo kwa vikundi. Kwa kazi ya kusoma tu, fanya sesheni iwe ya kusoma tu, zile nakala hazitatunzwa. Na kwa kazi kubwa isiyohitaji uerevu wa Hibernate, `StatelessSession` haishiki kitu kabisa.

Ukisafisha, entiti ulizozishika mkononi zinakuwa zimeachwa. Usiendelee kuzibadilisha ukitegemea zitahifadhiwa. Hili lilitutoa jasho siku mbili.

Sakafu inapanda, kisha inasimama juu

Baada ya kuziba ile kache, sakafu yetu ilipanda asubuhi hadi MB 700 hivi na ikagoma kupanda zaidi. Si uvujaji kwa maana kamili, maana una mwisho. Lakini hipu ya GB 2 inauhisi, na hipu ya MB 512 ingekufa kabla mwisho huo haujafika.

Kwenye MAT mnene alikuwa `org.hibernate.engine.query.spi.QueryPlanCache`. Hibernate 5 huhifadhi mpango wa kila umbo la swali, hadi 2,048 usipobadilisha kikomo. Sisi tulikuwa na skrini inayouliza wanachama kwa orodha ya `IN` (sharti la SQL la "mmoja wa hawa"), na orodha hiyo mara ina watu watatu, mara mia mbili na kumi na saba. Kwa Hibernate, orodha ya 216 na ya 217 ni maumbo mawili tofauti, na mpango wa orodha ndefu ni mzito kwa sababu kila parameta ina maelezo yake.

```
hibernate.query.in_clause_parameter_padding=true
```

Mpangilio huu hujaza orodha hadi kipeo cha mbili kilicho juu yake: tatu inakuwa nne, 217 inakuwa 256. Orodha za urefu wa 1 hadi 1,000 hazina tena maumbo elfu, zina kumi na moja. Punguza na `hibernate.query.plan_cache_max_size` ukitaka, ila pima. Ukipunguza mno Hibernate itakuwa inatafsiri maswali yale yale upya siku nzima.

Memori ni nzima, miunganisho imekwisha

Hii ndiyo ile ya `Connection is not available`. Kwa HikariCP kundi la kawaida lina miunganisho 10, na anayesubiri husubiri sekunde 30 kabla ya kukata tamaa. Madumu kumi, majirani kumi na mmoja. Washa:

```
spring.datasource.hikari.leak-detection-threshold=20000
```

Namba ni milisekunde, na chini ya 2000 haikubaliwi. Muunganisho ukikaa nje zaidi ya muda huo, logi itachapa mahali ulipochukuliwa, mstari kwa mstari. Mara nyingi utaonyeshwa kazi inayofunga muunganisho mwishoni lakini si ndani ya `finally`, hivyo kosa likitokea katikati, haufungwi. Java 7 ilileta `try` yenye mabano ya kufunga yenyewe. Itumie kwa muunganisho, kwa swali na kwa jibu. Mitiririko inayotokana na `getResultStream` nayo inahitaji kufungwa, jambo ambalo wengi hawaambiwi. Onyo likitokea kwenye ripoti ambayo kwa haki yake huchukua sekunde arobaini, hilo si kosa; pandisha kizingiti.

Ukisoma logi na kukuta `HikariPool-1`, `HikariPool-2`, na kwenda hadi `HikariPool-214`, usitafute zaidi. Kuna mtu anaunda kundi jipya kwa kila ombi badala ya kuunda moja programu inapowaka. Ndugu yake ni `EntityManagerFactory` mpya kwa kila ombi. Hapo memori, nyuzi na miunganisho vyote vinaisha kwa pamoja, na PostgreSQL inaanza kuwakataa hata mifumo mingine isiyo na hatia.

Kingine cha kifamilia ni `ThreadLocal`, hifadhi ya kila uzi wa kazi peke yake. Maktaba nyingi za nyumbani huweka sesheni humo ili isipitishwe mkono kwa mkono. Nyuzi za Tomcat hazifi ombi likiisha, zinarudi kundini na mzigo wao. Usipoita `remove()` ndani ya `finally`, ombi la kesho litaikuta sesheni ya leo na entiti zake zote, na pengine data ya mtu mwingine.

Kuthibitisha kwa namba ya ajabu

Usisubiri msimu ujao kujua kama umepona. Kwenye mashine yako washa programu kwa `-Xmx256m`, ili uvujaji mdogo ujionyeshe haraka. Endesha kitendo unachokishuku mara mia kadhaa ili vitu vya kudumu vijae, piga histogramu. Kisha kiendeshe tena mara 1,237 kamili, piga nyingine.

Kwa nini 1,237? Kwa sababu hakuna sababu ya kawaida ya klasi kuongezeka kwa idadi hiyo. Elfu moja inaweza kuwa ukubwa wa kache ya mtu fulani. Mia tano pia. Ukiona klasi imeongezeka kwa 1,237, au 2,474, umemkamata: kila mzunguko unaacha kimoja, au viwili. Kabla ya marekebisho yetu `MpangoWaSafu` uliongezeka kwa 12,370 barabara, vipya kumi kwa kila mzigo. Baada yake, sifuri. Jaribio hilo sasa linaishi pamoja na majaribio mengine ya maktaba, likiwa na sharti moja: idadi ya funguo za `KACHE` isizidi 500 baada ya mizunguko.

Mwenye sakafu iliyotulia kwenye histogramu lakini anaona `top` ikionyesha mchakato unanenepa siku hadi siku, tatizo lake liko nje ya hipu. Aanze na `-XX:NativeMemoryTracking=summary` kisha `jcmd <pid> VM.native_memory summary`, na mara nyingi `MALLOC_ARENA_MAX=2` kwenye mazingira ya Linux hupunguza mengi.

Kazi ya mwisho ilikuwa crontab. Mstari wangu wa saa saba sikuurudisha. Ule wa alfajiri niliuacha siku tatu zaidi kwa woga, nao nikaufuta, kwa sababu programu inayowashwa upya kila siku haiwezi kukuonyesha uvujaji unaohitaji siku tano kukua. Sakafu iliandikwa kila siku saa mbili usiku kwa wiki tatu, mwisho wa mwezi ukiwemo: MB 330, 335, 331, na 412 usiku wa faili la wanachama, kesho yake 333.